Karani Zéphirin na Majirani Zake

Zéphirin alikuwa karani wa serikali pale Kasongo. Alitoka kijiji cha Wamaza pamoja na mke wake Léocadie na mtoto wao Émérance, wa miaka miwili. Jirani yao alikuwa Aziza, mke wa Yakubu, mshona nguo.

Zéphirin aliizungushia nyumba yake ukuta wa matete, mrefu kuliko mtu.

"Hapa si kijijini," alimwambia mkewe. "Watu wa kisasa, kila mutu anakaa kwake. Sitaki majirani wajue mambo yetu."

Léocadie alitii. Aziza akimsalimu asubuhi, alijibu kwa sauti ndogo, akaingia ndani. Kutwa nzima alizungumza na mtoto tu.

Siku moja Zéphirin alisafiri na wakubwa wake kwenda Kabambare. Saa nne asubuhi Émérance akashikwa na homa kali. Léocadie alimpangusa kwa maji, akangoja. Alisikia cherehani ya Yakubu ng'ambo ya ukuta. Mara mbili alisimama ili aite. Mara mbili alirudi akakaa. Angesemaje, yeye asiyezungumza na watu?

Saa nane mtoto alianza kutetemeka na kugeuza macho. Léocadie alimfunga mgongoni, akakimbia kwa miguu mpaka dispanseri. Alipofika, Émérance alikuwa amekwisha kufa.

Matangani, Aziza alifika wa kwanza. Alikaa mkekani, akamshika Léocadie mkono.

"Mama Émérance, Yakubu alikuwa nyumbani. Baiskeli ilikuwa pale. Mbona hukuniita?"

"Niliogopa, mama. Sikujua kama mungekuja."

"Tungekuja mbio."

Zéphirin aliporudi, mazishi yalikuwa yamekwisha. Alimgeukia mkewe kwa hasira.

"Ulikuwa unangoja nini?"

Muganga Grégoire wa dispanseri alikuwa amekuja kuwapa pole. Akamzuia.

"Karani, usimulaumu mama. Homa ya mutoto mudogo haingoji. Ikimushika tu, aletwe saa ile ile. Lakini mama peke yake atafanya nini? Muongee na majirani mbele ya shida kufika. Mujue nani iko na baiskeli, nani atamusindikiza mama."

Zéphirin aliinamisha kichwa, akalia mbele ya watu.

Wiki ile ile alikata njia katika ukuta wa matete. Akaenda kwa jirani yake.

"Baba Yakubu," alisema, "nimekosa."

Yakubu akamkaribisha kiti.

Mvua zilizofuata, mjukuu wa Aziza akashikwa na homa. Yakubu alikuwa ameenda Lusangi na baiskeli yake. Aziza hakungoja. Aliita, na Zéphirin akaazima baiskeli ya jirani mwingine. Aziza akapanda nyuma yake na mtoto, mpaka dispanseri. Muganga Grégoire akampa mtoto dawa ya kinini. Siku ya nne mtoto alikuwa anacheza.

Aziza akampeleka kwa Léocadie. Léocadie alimpakata muda mrefu.

"Iko muzito," alisema mwishowe.

Kisha akamrudisha, akaingia chumbani kulia. Aziza akamfuata, wakakaa pamoja.