Bastola ya Ubavuni mwa Kitanda

Kasha lilikuwa limefungwa, na lilikuwa tupu.

Inspekta Muhsina alipiga magoti kwenye zulia akaliangalia kwa karibu. Lilikuwa kasha dogo la chuma, ukubwa wa boksi la viatu, limekazwa kwa boliti ubavuni mwa kitanda. Halikuwa na tundu la ufunguo. Juu yake palikuwa na vibonye vinne vya mpira, vimepangwa ili mkono ukitua pale, kila kidole kikute mahali pake.

"Halina hata mkwaruzo," alisema Sajenti Ghassan, mtaalamu wa alama za vidole. "Na kwenye vibonye pana alama za Kanali mwenyewe tu."

"Mtu akikosea kubonyeza?"

"Taa nyekundu inawaka, na haizimi mpaka aje fundi. Tazama. Haijawaka."

"Kwa hiyo aliyefungua hakubahatisha."

"Hakubahatisha. Alipata mara ya kwanza."

Muhsina alibaki pale chini. Tangu utoto wake katika mtaa wa Ruwi alikuwa na maradhi ya kutaka kujua kitu kinavyofanya kazi. Redio ya baba yake aliifungua mara mbili, mara ya pili haikufungika tena. Sasa alikuwa akijiuliza jambo moja dogo. Mwizi kafungua, kachukua bastola. Kwa nini alifunga tena kasha tupu?

Alipogeuka kuinuka, macho yake yakaangukia upande wa pili wa kitanda. Zulia lilikuwa na vishimo vinne vidogo, vimepangika pembe nne. Kulikuwa na kitu hapo, na hakijaondolewa zamani.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, mwaka wa elfu mbili na tatu, na nyumba ilikuwa moja ya majumba meupe ya Qurum, mtaa wa matajiri wa huku Uarabuni. Mwenyewe, Kanali mstaafu Muhanna, alikwenda msikitini adhuhuri akaiacha bastola kashani. Aliporudi alilikuta limefungwa, akalifungua ili aisafishe, asiione, akalifunga tena. Katika muda huo nyumbani walikuwepo watu watatu tu: mkewe, Bi Mahfudha, mjukuu wao Reem, mtoto wa miaka sita ambaye wazee wake walikuwa masomoni Uingereza, na Mildred, Mkenya aliyemlea Reem tangu anyonye.

Askari walikuwa wamepekua kila chumba, kila kabati, hata friza la samaki. Hawakuona kitu.

Kanali alimsubiri Muhsina sebuleni. Mrefu, mwembamba, kanzu imenyooka, mgongo umenyooka zaidi.

"Inspekta, kwa nini unapoteza wakati? Mchukueni yule Mildred."

"Kwa ushahidi gani, Kanali?"

"Mke wangu hajapata kushika bastola maishani mwake. Mtoto ni mtoto. Nani kabaki?"

"Mildred anajua namna ya kulifungua?"

"Hapana mtu anayejua. Sijamwambia hata Mahfudha."

"Bastola ilikuwa na risasi?"

"Imejaa. Na moja iko chemba, tayari kupigwa. Nna kibali, karatasi zangu ziko sawa."

"Sina shaka na kibali. Lakini huko chini nimeona una sefu kubwa. Kwa nini isikae humo?"

"Sefu ina ufunguo."

"Na ufunguo una ubaya gani?"

Kanali akaketi. Aliuweka mkono wake wa kulia juu ya mkono wa kiti.

"We mwenyeji wa wapi, Inspekta? Watu wako?"

"Mama yangu kazaliwa Mkunazini, Unguja mjini."

"Basi utanfahamu. Mwaka wa sitini na nne, siku za mapinduzi, nilikuwa na miaka kumi na minne. Tukikaa shamba, kule Unguja. Baba alikuwa na bunduki, na akiiweka ndani ya sanduku, kaifunga vizuri kama inavyotakiwa. Walipouvunja mlango wetu akakimbilia ufunguo. Ufunguo umo kwenye mfuko wa kanzu nyengine. Baba kafa mkono wake umo ndani ya mfuko ule." Alikaza mgongo. "Toka siku ile mimi na ufunguo hatupatani."

"Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Amin. Ndio nkaagiza kasha lile. Halitaki ufunguo, halitaki taa, halitaki hata uamke sawasawa. Kila siku kabla sijalala nafanya mazoezi. Macho nimeyafumba. Sasa hivi akili yangu haifanyi kazi yoyote pale, vidole vyenyewe vinajua."

Muhsina hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akiutazama mkono wake juu ya kiti. Vidole vilikuwa vikigonga ule ubao taratibu, vyenyewe: cha shahada, cha pete, cha pete tena, kile kidogo. Vikatulia. Halafu tena: shahada, pete, pete, kidogo.

"Kanali, tafadhali nifuate."

Walipofika chumbani Muhsina aliinama, akaweka vidole vyake juu ya vibonye, akabonyeza. Shahada, pete, pete, kidogo.

Kifuniko kikaruka juu.

Kanali alirudi nyuma hatua moja kama mtu aliyepigwa kofi. "Nani kakwambia?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Unagonga, Kanali. Huko sebuleni umegonga mara nyingi tu, na bila shaka unagonga mezani, na kwenye usukani. Siri hii anayo kila anayekaa na wewe kwa siku mbili."

Mzee alikitazama kiganja chake. Kisha akaukunja mkono akaufutika mfukoni. "Basi ndiyo yaleyale," alisema. "Mildred ananitilia kahawa kila siku."

"Huenda. Hebu niambie, hapa pana alama za miguu ya kitanda kidogo. Nani alikuwa akilala?"

"Reem. Alalapo ni hapo, karibu na bibi yake. Jana Mahfudha kamhamishia kwa Mildred. Ati anakohoa, asiniambukize."

"Jana wakati gani?"

"Magharibi nilipotoka msikitini nilikuta kitanda kishaondoka."

Jana, Alhamisi, kitanda cha mtoto kimeondolewa. Leo bastola. Muhsina alitoka. Alipopita ukumbini alimkuta Reem anachora sakafuni, akamsikiliza kwa muda. Mtoto hakukohoa hata mara moja.

Mildred alikuwa jikoni, amekaa kwenye stuli, mkoba wake wa nguo uko tayari miguuni. Alikuwa amejiandaa kwenda korokoroni.

"Nani kakuambia ufunge nguo?"

"Hakuna, madam. Lakini Baba akisema ni mimi, ni mimi. Mimi ni mgeni hapa."

"Umeiba bastola?"

"Hapana. Mimi nimeokoka, madam. Siwezi kuiba hata kijiko."

"Unajua kulifungua lile kasha?"

"Kila mtu anajua. Hata Reem anapiga hiyo kitu na vidole akikula."

Muhsina alirudia moyoni: Hata Reem.

"Adhuhuri ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya nyumba na mtoto. Tulikuwa tunamwagilia maua."

"Na bastola iko wapi?"

"Sijui iko wapi, madam. Lakini haiko mahali Reem anaweza kuishika. Hiyo naweza kuapa."

"Sijakuuliza habari za Reem."

Mildred aliinamia mkoba wake. Macho yake yalijaa machozi lakini hayakudondoka.

"Kama hujui ilipo, umejuaje mtoto haifikii?"

Mildred alikaza mikanda ya mkoba.

"Jana kulitokea nini humu ndani, Mildred?"

"Muulize Mama."

"Nakuuliza wewe. Unaelewa kwamba hii ni kesi ya silaha? Si ya kijiko. Unaweza kufungwa."

"Naelewa. Lakini nilimwahidi. Muulize Mama, tafadhali. Akisema niongee, nitaongea yote."

Muhsina aliondoka jikoni. Mwizi hamtegemei mwenye nyumba kwa ushahidi. Huyu mwanamke alikuwa tayari kwenda jela kwa kushika neno la mtu.

Bi Mahfudha alikuwa chumba cha uani, anaswali Alasiri juu ya kiti. Muhsina alingoja mlangoni hadi akatoa salamu.

"Mgongo, bibi?"

"Umri, mwanangu."

Lakini asubuhi ile ile, kwa maelezo ya Kanali mwenyewe, mkewe aliswali Alfajiri pamoja naye, akasujudu vizuri kabisa. Muhsina alikaa mkabala naye. Mara Reem akaingia mbio na mchoro wake, akajirusha kwenye mapaja ya bibi yake kama mtoto aliyezoea. Bi Mahfudha akanyoosha mkono haraka, akamzuia kifuani.

"Si sasa, roho yangu. Nenda kamwonyeshe Mildred."

Mtoto akasimama ameduwaa. Halikuwa jambo alilolizoea. Akaondoka akiburura miguu.

Muhsina aliuangalia ule mkono wa bibi, ambao sasa ulikuwa umerudi kiunoni, juu ya kanga aliyojifunga mara mbili juu ya kanzu yake. Askari waliopekua walikuwa wanaume. Walifungua makabati yote, lakini hakuna aliyediriki kumgusa mke wa Kanali.

"Bi Mahfudha," alisema polepole. "Usiinuke. Usiiguse. Imeelekea wapi?"

Mama yule alimtazama. Kisha mabega yakashuka, akawa kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Chini," alisema. "Nadhani chini."

"Tangu adhuhuri unayo hapo?"

"Nitaiweka wapi? Kila nnapopafikiri napaona pana mkono wa mtoto."

Muhsina alipiga magoti mbele yake. Alifungua fundo la kanga, akapenyeza mkono akaitoa bastola, mdomo wake ukielekea ukutani. Akatoa magazini ya risasi. Akavuta sehemu ya juu nyuma. Risasi iliyokuwa chemba ikaruka, ikagonga sakafu, ikabiringika mpaka chini ya kiti.

Bi Mahfudha aliifuata kwa macho. "Ile ilikuwa tayari?"

"Ilikuwa tayari, bibi. Na mtoto alikuwa anakurukia mapajani."

Mama akaziba uso kwa viganja viwili. Muhsina alimwacha alie. Alipotulia ndipo alipouliza.

"Niambie ya jana."

"Jana baada ya chakula cha mchana bwana alilala. Mimi nipo kwenye kiti, nnashona. Reem akaja kumwamsha, maana aliahidiwa kupelekwa pwani. Akapanda kitandani. Akamshika bega." Akaikunja kanga yake mkononi. "Nilisikia vile vibonye. Tap, tap, tap, tap. Nilipoinua macho, bastola iko usoni kwa mtoto. Macho ya bwana yako wazi lakini hayamo. Anasema Kiswahili cha kitoto, 'Tokeni! Tokeni kwetu!' Mwanangu, yeye hakuwa Qurum. Alikuwa kule shamba."

"Ukafanya nini?"

"Niliita jina lake kama mama yake alivyokuwa akimwita. Akaishusha. Akairudisha kashani, akafunga, akalala. Mildred alikuwa mlangoni, kaona yote. Akamnyakua mtoto. Bwana alipoamka, wallahi, hakumbuki hata chembe. Ananiuliza, 'Reem yuko wapi, twende pwani?'"

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ntamwambiaje? Yule mtoto ndiye pumzi yake. Nimemwomba miaka, peleka kitu hiki kwenye sefu, ananiambia habari ya baba yake, nakosa la kujibu. Nkasema, bora aibiwe. Leo alipotoka nkaitoa, nkalifunga kasha ili asigundue mapema. Aone kaibiwa, aghadhibike, yaishe."

"Na Mildred?"

Swali hilo lilimchoma. "Sikujua atamshika yeye. Nilidhani atasema wezi wa nje. Alipolitaja jina la Mildred mbele ya askari, ulimi wangu ulikufa. Yule binti akanitazama tu, hakusema. Mimi nnayeswali nkanyamaza. Hilo ndilo kosa langu kubwa, si bastola."

Muhsina alikaa na bastola tupu mkononi. Aliliwaza lile kasha, jinsi lilivyobuniwa kwa akili. Lingeweza kumzuia mwizi. Kama mwenyewe asingegonga vidole, lingemzuia na mtoto pia. Mtu mmoja tu lisingeweza kumzuia, naye ndiye aliyetengenezewa: mwenyewe, akiwa usingizini. Kule kufunguka upesi alikokupenda kulimtangulia: kasha lilifunguka kabla yeye hajaamka.

"Kanali lazima ajue," alisema. "Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

"Mimi," alisema Bi Mahfudha. "Nishanyamaza vya kutosha."

Alimwambia pale pale ukumbini, amesimama, mbele ya Inspekta na Sajenti Ghassan na Mildred. Hakupunguza kitu. Kanali alimsikiliza kama anasomewa hukumu ya mtu mwengine.

"Mimi?" aliuliza.

"Wewe, Muhanna."

"Reem?"

"Usoni."

Alimgeukia Mildred. "Nawe uliona?"

"Niliona, Baba."

"Na bado ulinyamaza, nami nataka kukupeleka jela."

"Mama aliniomba, Baba. Alisema utakufa ukijua."

Kanali alikaa kwenye ngazi. Mgongo wake, kwa mara ya kwanza tangu Muhsina aingie nyumba ile, ulipinda. Aliupeleka mkono wake wa kulia mbele ya macho yake, akauangalia kidole kimoja kimoja. Ghassan alijifanya anapanga brashi zake.

"Inspekta," alisema mwishowe. "Ichukueni. Na kibali mkichukue. Na lile kasha ling'oeni, msiniachie hata boliti."

"Bastola itakwenda ghalani, Kanali. Jalada litakwenda kwa mwendesha mashtaka, na nitaandika yaliyotokea kama yalivyotokea. Na utamwona daktari kuhusu usingizi wako. Hilo si ombi."

"Ntamwona." Akasimama, akamkabili Mildred. Ilionekana hajui maneno huanzia wapi. "Mildred. Nimekudhulumu. Nisamehe. Rudisha mkoba wako ndani, kama bado unataka kukaa nasi."

Mildred alifuta uso kwa kiganja. "Nitarudisha, Baba. Lakini wewe kwanza uongee na Reem. Tangu jana anauliza alikosea nini."

Kanali aliitikia kwa kichwa. Alipita ukumbini taratibu mpaka chumba cha Mildred, ambako mtoto alikuwa amejifungia na rangi zake. Mkono ulikwenda kwenye kitasa, ukasita. Mwanajeshi yule mzee akarudi nyuma kidogo, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akabisha.

"Hodi."

"Nani?"

"Babu."

Hatua ndogo zilikuja mlangoni. Kisha sauti ndogo, karibu kabisa na mlango: "Una bunduki?"

"Sina, mwanangu. Sina tena."

Na ingawa mlango ulikuwa bado umefungwa na mtoto hawezi kumwona, Kanali Muhanna aliinua mikono yake yote miwili juu, viganja wazi, akangoja.