Kodiani Iliyofika Malaba

Haya yalimpata rafiki yangu Okwakol, fundi wa kodiani, vile vinanda vya kuvuta na kusukuma kwa mikono, hapa Malaba. Huyasimulia kwa uchovu tu, kama mtu anayelalamikia foleni ya malori.

Marehemu baba yake alikuwa na kodiani ndogo ya pembe sita, akiipiga kwenye matanga kote Amukura. Kila akifika mstari wa tatu kifua kinambana, anakohoa, kisha anarudi mwanzo, maana alishikilia kwamba wimbo wa marehemu haudakwi katikati. Alipokufa, kodiani ikapotea.

Mama yake, Aguti, alitamani kusikia sauti ile tena. Basi Okwakol akahangaika mwaka mzima kwenye minada ya mtandaoni, akipitwa kila mara dakika ya mwisho, hadi akashinda kodiani moja kutoka Uingereza.

Ilifika alasiri ya mvua. Akaifungua kwa bisibisi mbele ya mama: tupu. Vile vipande vya chuma vinavyotoa sauti vilikuwa vimeng'olewa vyote. Akachoka hata kukasirika. Akairudisha kwenye boksi, akafunga madirisha, akamimina chai. Stima ikapotea, nyumba ikawa giza totoro.

Mvua ilipopungua, wimbo ukaanza, polepole.

"Asante, mwanangu," mama akasema gizani. "Lakini ukifika mstari wa tatu, usikohoe kama baba yako."

 Okwakol alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Mstari wa tatu ukafika. Ndani ya boksi, mtu akakohoa. Kisha wimbo ukarudi mwanzo.