Baiskeli ya Chiriku

Kila asubuhi mama alimimina chai, na kila asubuhi aliiacha ikapoa. Shule ilikuwa mbali. Binti yake alikuwa na miaka kumi, na kimo kifupi tangu kuzaliwa. Akitembea sana, miguu ilimuuma. Basi mama alimbeba mgongoni, kisha akakimbilia kazini, kufua mashuka ya hospitali. Kiuno kilimwaka moto.

"Shuka utembee kidogo, Chiriku. Unanichelewesha."

Walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukupumzika.

"Nikishuka ndiyo utachelewa zaidi," mtoto alijibu.

Mjomba wake alileta baiskeli ya mtoto wa miaka mitatu. "Mfupi kwa kifupi chake," alitania. Chiriku alipoipanda, magoti yaligonga usukani. Akaanguka, puu! Watoto wa jirani wakaangua kicheko. Akaapa haigusi tena.

Mama aliikokota baiskeli hadi kwa jirani, mwanamke fundi baiskeli aliyeitwa Mama Spoku. Chiriku alifuata, kanuna.

"Nimechoka, dada," alisema mama. "Nikichelewa tena, kazi sina. Huyu naye atabaki nyumbani?"

Mama Spoku hakuitazama baiskeli. Alimtazama mtoto.

"Kiwiliwili chako ni cha miaka kumi, mwanangu. Mikono na miguu ndiyo mifupi. Kidude hiki kitakutosha wapi? Njoo nikupime."

Akapima mguu, akapima mkono, akapima vidole.

"Hata vidole?" Chiriku aliuliza.

"Breki utaishika na pua?"

Chiriku akacheka, mara ya kwanza siku ile.

"Daktari kasemaje kuhusu mgongo wake?"

"Apande, ila asijipinde," mama alijibu.

Mama Spoku akachagua baiskeli kubwa kidogo. Akafupisha vyuma vya pedali, miguu ipate kuzungusha bila kunyooka mno. Akashusha kiti mpaka nyayo zikakanyaga chini. Akainua usukani na kuurudisha karibu na kifua. Akazisogeza breki zifikiwe na vidole.

Wiki nzima mama alishika kiti uani, akihema, Chiriku akijifunza.

Jumatatu Chiriku aliendesha kwenda shule, mama akimfuata kwa miguu. Kwenye kona, wanafunzi wenzake wawili walimngoja na baiskeli zao. Chiriku akafunga breki, akatua miguu.

"Mama, rudi nyumbani. Unanichelewesha."

Mama alisimama mpaka walipotokomea. Akarudi polepole, akaketi mezani, akakishika kikombe kwa mikono miwili.

Chai ilikuwa bado ya moto.