Jina Halibebi Sukari

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kazi kulia katika shamba la kahawa, Ngina alimimina chai katika vikombe sita. Vinne alitia sukari. Viwili hakutia. Kimoja kilikuwa cha Cucu Warigia, yaani Nyanya Warigia, mama mkwe wake. Kingine kilikuwa cha binti yake, ambaye pia aliitwa Warigia.

Cucu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alikuwa amekatwa kidole cha mguu katika hospitali ya Thika. Mjukuu wake hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye mbio. Lakini kwa mwaka mzima hakuonja sukari, ndizi mbivu wala muwa. Sababu ilikuwa jina lake.

Kwa desturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Daktari wa Thika alikuwa ameiambia familia, "Ugonjwa huu hufuata ukoo." Kagwe, baba wa Warigia, aliyafikiria maneno hayo kwa siku mbili. Kisha akaamua kwamba ugonjwa utamfuata yule mwenye jina.

"Huyu ndiye mama yangu," alimwambia Ngina. "Hata mimi namwita Mama. Ugonjwa utaenda kwa nani mwingine?"

Ngina hakuona kosa lolote katika maneno hayo.

Kagwe alikuwa nyapara wa meza za kukaushia kahawa, hapo Ruiru. Alikuwa mtu mnene na mcheshi. Tumbo lake liliingia mlangoni kabla yake. Chai yake ilitiwa vijiko vinne vya sukari. Kila siku alibeba chupa mbili kubwa za maji kazini, na zote zilikwisha kabla ya saa sita.

"Ni jua la kwenye meza," alisema.

Siku ya Jumatatu, mwezi wa Desemba mwaka 1958, Warigia alifika mbio akiwa na barua mkononi. Alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la nne. Shule moja ya bweni ya wasichana ilikuwa imempa nafasi. Mzazi alitakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Asipojibu, nafasi ingepewa mtoto mwingine.

Kagwe aliisoma barua mara mbili. Alifurahi mpaka akapiga meza. Kisha akakitazama kikombe cha binti yake.

"Hapana, Mama," alisema. "Huko bweni watakupa chai ya sukari. Nani atakuchunga?"

"Nitakunywa maji, Baba."

"Na ukianguka huko?"

"Sijawahi kuanguka! Siku ya michezo nilimshinda hata kaka Wainaina, na yeye ana miguu mirefu kama ya korongo."

"Ugonjwa hauulizi mbio," alijibu Kagwe. Akaiweka barua kwenye rafu ya juu.

Warigia hakulia. Alikwenda kukaa na nyanya yake, akahesabu siku. Zilikuwa zimebaki nne.

Siku ya Jumatano saa nane, familia ilipomaliza chakula cha mchana, Barasa alifika kwa baiskeli. Barasa alikuwa dresa wa zahanati, mtu wa Bungoma. Kila wiki alikuja kukisafisha kidonda cha Cucu. Siku hiyo alikuwa na karatasi kubwa na kisanduku cha mbao.

"Daktari mmoja wa Nairobi anafanya utafiti," alieleza. "Anataka kujua ugonjwa wa sukari unavyopita kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Anakusanya habari za familia hamsini. Mkikubali, nitaiandika yenu."

"Andika," alisema Cucu. "Anza kwa kuandika kwamba nilikuwa mrembo."

"Hapa hakuna nafasi ya urembo, Cucu. Mwanamke ni duara, mwanamume ni mraba. Mgonjwa namjaza wino."

Barasa alichora duara, akalijaza wino mweusi. Huyo alikuwa Cucu. Kando yake alichora mraba wa marehemu mumewe. Chini yao alichora mraba wa Kagwe, na duara la Ngina kando yake. Chini kabisa alichora watoto watatu: Wainaina, Warigia na Wamboi mdogo.

Ngina aliinama juu ya karatasi. "Na majina utaandika wapi?"

"Siandiki. Daktari hayataki."

"Haiya! Bila jina atajuaje ni nani atakayeugua?" aliuliza Kagwe. Akamweleza Barasa habari za kikombe kisicho na sukari, na za barua iliyo rafuni.

Barasa hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Mzee Kagwe, mimi nilipewa jina la babu yangu. Alikuwa na upara uliong'aa. Tazama nywele zangu."

"Ni nyingi kama za kondoo," alisema Cucu.

"Basi jina halikuleta upara. Mtoto hupokea nusu ya mwili wake kutoka kwa baba, na nusu kutoka kwa mama. Hayo hutokea kabla hajazaliwa. Wakati huo hana jina bado. Sasa, weka kidole chako juu ya Cucu. Fuata mstari mpaka kwa Warigia."

Kagwe aliweka kidole juu ya duara jeusi. Akakishusha polepole. Kidole kilifika kwenye mraba wake mwenyewe, kikasimama.

"Mstari unapita kwangu," alisema.

"Hauna njia nyingine. Na kutoka kwako, ni nani kati ya watoto aliye karibu zaidi na Cucu?"

Kagwe alipima kwa macho. "Wote ni sawa."

"Wote ni sawa. Lakini wewe uko karibu kuliko wao. Tena wewe ni mnene, na unene huongeza hatari. Je, unakunywa maji mengi? Unakojoa mara kwa mara?"

"Ni jua la kwenye..."

"Baba Wainaina!" Ngina alimkatiza. "Sema kweli. Usiku unatoka mara nne. Na pale unapokojoa, nyuma ya ghala, sisimizi wamejaa kama kwenye harusi."

"Kumbe unanipeleleza!"

"Sikupelelezi. Nafuata sisimizi."

Barasa alifungua kisanduku. Kila mtu, isipokuwa Cucu, alileta mkojo wake katika kikombe chake. Barasa alitia dawa ya buluu katika vioo vyembamba vya kupimia. Katika kila kioo alitia matone manane ya mkojo, akavichemsha kwa dakika tano.

"Ikibaki buluu, mkojo hauna sukari," alieleza. "Ikiwa kijani, ipo kidogo. Ikiwa nyekundu, ni nyingi."

Kioo cha Warigia kilibaki buluu. Vya Wainaina na Wamboi pia, na cha Ngina. Cha Kagwe kiligeuka kijani, kikawa cha manjano, kisha kikawa chekundu kama udongo wa Ruiru.

"Umechanganya vioo," alisema Kagwe.

Barasa hakubisha. Alikiosha kioo, akapima upya. Ikawa nyekundu tena.

"Ngai! Mungu wangu!" alisema Kagwe. Akaketi.

Kisha alimgeukia Barasa. "Je, Warigia hatapata ugonjwa huu kamwe?"

"Sikusema hivyo. Leo hana. Yeye na ndugu zake wapimwe kila mwaka, wote sawa. Kwa nini ugonjwa humpata huyu na kumwacha yule, hata madaktari hawajui vizuri. Ndiyo sababu wanatafuta. Lakini shule haileti ugonjwa huu."

Kagwe alisimama, akaichukua barua rafuni. Aliandika jibu mbele ya watu wote. Kisha akaenda kwa miguu kulipeleka posta, maili mbili, kwa sababu Barasa alikuwa ameshamwagiza atembee kila siku.

Huko Thika, daktari alipima damu yake na kuthibitisha ugonjwa. Alimwagiza aache sukari, apunguze mafuta, mkate na pombe, ale kwa kiasi githeri ya mahindi na maharagwe, na mboga nyingi. Mwezi wa kwanza Kagwe alinung'unika. Mwezi wa pili alianza kulala usiku kucha. Mwezi wa nne alikuwa amepungua ratili ishirini, na kioo chake kilikuwa buluu.

Mwezi huo Warigia alikuja likizo, amevaa sare ya shule. Siku ya pili, Gachanja, mdogo wa Kagwe, alifika kutoka Githurai. Mke wake alikuwa amejifungua binti wao wa kwanza. Gachanja alisema kwa sauti ya chini ili Cucu asisikie.

"Naogopa kumpa mtoto jina la mama. Ule ugonjwa utamfuata."

Kagwe alifungua kinywa ili ajibu, lakini Warigia alimtangulia. Alichukua kijiti, akachora duara na mraba chini. Akamwonyesha Gachanja mahali mstari unapopita.

"Jina mpe mtoto, baba mdogo," alisema, akampa kikombe kitupu. "Hiki ni chako. Kijaze, umpelekee Barasa."