Mara Tano, Ameshiba

Mtoto alikuwa ameshiba, na hakuna aliyemnyonyesha.

Dama alilijua hilo tangu usiku wa kwanza, ila alijifanya hamnazo. Kazi yake ilikuwa kukesha na wanawake waliojifungua: kuja kutoka Utange jioni, kumkanda mama, kumbadilisha mtoto nepi, kumwamsha mama anyonyeshe, na kuandika kila kitu daftarini. Nyumba hii ya Bi. Hafswa, pale Magogoni, ilimpendeza. Salsabil, binti wa nyumba, alikuwa mpole, na kitoto chake, ambacho kingepewa jina siku ya saba, hakikuwa kisumbufu. Basi usingizi ukamwiba. Alipozinduka kwa adhana ya alfajiri, alimkuta mtoto amelala, midomo imelowa maziwa yenye harufu ya asumini.

Kwa aibu ya kulala kazini akaandika: "Saa tisa, kanyonya vizuri."

"Dada Dama, mbona kifua chaniuma hivi?" Salsabil aliuliza kulipopambazuka. Maziwa yalikuwa yamemjaa hadi kanga imerowa.

"Ni uzazi wa kwanza, mdogo wangu. Yatatulia."

Ikawa hivyo usiku wa pili, wa tatu, wa nne. Usingizi ulimwangukia mzito, na Dama, Mungu amsamehe, alianza kuungoja.

Usiku wa tano hofu ilimzidi, akanywa kahawa chungu ili akeshe. Ilipofika saa tisa harufu ya asumini ikajaa chumbani, viungo vyake vikafa ganzi, kiti cha pembeni kikalia kama kimekaliwa na mtu mzito, na mtoto akainuka kitandani taratibu, bila mkono wowote kuonekana, akavuka chumba hewani hadi kwenye kile kiti, akatulia hapo, kukaanza kusikika kumeza, funda baada ya funda, na sauti ya mwanamke ikibembeleza kwa upole ambao Dama hakuwahi kuusikia kwa mama yeyote, na upole huo ndio uliomtisha zaidi.

Asubuhi alisema aliyoyaona. Bi. Hafswa akamwita Mwalimu Salem, aliyekuwa akiwafukuzia watu majini Kisauni nzima. Alifukiza ubani, akasoma, akanong'ona na kiti kitupu kwa muda mrefu. Kisha akaomba daftari.

"Maziwa haya ya saa tisa ni ya mamake?"

"La," Dama alisema kwa sauti ya chini. "Niliandika uongo. Nilikuwa nimelala."

"Mtoto amenyonyeshwa hivyo mara ngapi?"

"Tano, pamoja na jana."

"Na kila mara alishiba?"

"Alishiba, Mwalimu."

Mwalimu akafunga msahafu. "Huyu ni jini Muislamu, na sheria ya kunyonyesha yuwaijua. Mara tano, ameshiba: mtoto amekuwa mwanawe wa kunyonya. Asema alikuwa akingoja zitimie."

"Mfukuze vivyo hivyo," alisema Bi. Hafswa.

"Nimesoma yote niliyonayo, hatoki. Mngeniita kabla ya jana, ningeweza."

Dama akalia. Hakuna aliyemtazama.

Kutwa nzima mtoto aliangua kilio cha njaa. Salsabil alimpa titi, lile alilokuwa akilinyonya kila mchana, mtoto akageuza uso. Akampa tena, maziwa yakimtiririka mapajani, huku akimwita mwanangu, mwanangu, kwa kuwa hakuwa na jina jingine la kumwitia. Kufikia magharibi sauti ya mtoto ilikuwa imekauka.

Salsabil akainuka. Akamlaza mwanawe kwenye kile kiti, akarudi nyuma hadi ukutani, akaziba masikio yake.

Kilio kikakatika, na Dama akasikia funda la kwanza.