Kitanda cha Suyun

Kila asubuhi Mama Qiu hukaanga pilipili, humfokea mumewe kwa kuacha maganda ya mbegu mezani, kisha hufungua kompyuta aone kama binti yake ameandika. Suyun anafanya kazi Harbin, kaskazini kabisa mwa China. Ana miaka mitatu hajarudi nyumbani Liling.

Siku hiyo barua ilikuwepo, tena fupi: "Sawa, mama. Basi mwaka mpya sitakuja."

Mama Qiu aliisoma mara nne. Alitamani kupiga simu, akajizuia. Mtu akishasema haji, utambembeleza?

Jirani yake, Pang Yufen, anayetunza kompyuta za maktaba, alikuja kuomba siki. Akamkuta macho mekundu.

"Mama Suyun, kulikoni? Ni hizo pilipili?"

"Pilipili gani! Mwanangu hanitaki. Nimemnunulia kitanda kipya, nikamwandikia. Jibu ndilo hili."

"Hebu nione ulichoandika."

Kompyuta ile ilitumia mfumo huria, ule wa bure ambao kila mtu anaruhusiwa kuutumia. Ilionyesha Kichina vizuri, lakini haikuwa imewekewa njia ya kukiandika. Kwa hiyo Mama Qiu aliandika matamshi tu, kwa herufi za Kizungu.

Yufen alisoma, akashika kiuno.

"Umeandika *mai* kitanda. Mai ipi? Kununua au kuuza?"

"Kununua! Nikitamka si inasikika?"

"Ukitamka, ndiyo, sauti inatofautiana. Ukiandika hivi, zote ni mai. Mtoto kaelewa umeuza kitanda chake!"

Mama Qiu aliketi kitako. "Ole wangu! Kumbe anadhani hana pa kulala kwao?"

"Usilie, tutengeneze. Fungua mipangilio. Kwenye lugha, ongeza Kichina. Iache ipakue vitu vyake mtandaoni. Haya, toka, uingie upya. Sasa nenda kwenye kibodi, ongeza njia ya kuandika Kichina kwa matamshi."

"Polepole, mimi si treni!"

"Tumemaliza. Ukitaka kubadili, bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na kile kirefu cha chini. Jaribu."

Mama Qiu aliandika *mai*. Papo hapo maneno ya Kichina yakajipanga, kila moja na namba yake.

"Chagua kwa namba," Yufen alisema. "Hilo lenye kikofia juu ni kuuza. Lisilo na kikofia..."

"Nimeyajua hayo tangu nina miaka saba. Nipishe!"

Alichagua mwenyewe. Aliandika taratibu, kwa kidole kimoja: "Nimenunua kitanda, Suyun. Sikuuza. Hata kile cha zamani kipo, baba yako anakilalia mchana. Tumekukumbuka mno."

Aliisoma mara mbili ndipo akaituma. Kisha akapakua tambi, lakini hakula. Alikaa akitazama kioo cha kompyuta.

Jibu lilikuja tambi zikiwa bado za moto.

"Mama, tandika. Nakuja."