Kipande cha Paji la Uso

Kila Jumamosi asubuhi Tiaho aliosha vyombo, akafagia baraza na kuwalisha kuku wa bibi yake kabla hajaruhusiwa kucheza. Jumamosi hiyo alifanya kazi zote mbiombio, kwa sababu sebuleni alikuwa na shughuli kubwa zaidi.

Shangazi yake aliyekuwa akiishi jijini Auckland alikuwa amewaletea picha ya kuunganisha, iliyokatwa vipande vidogovidogo vya karatasi ngumu. Ilikuwa sura ya kuhani Te Ahorangi, babu yao wa zamani, mzee mwenye michoro iliyochanjwa usoni. Bibi Hera hakuipenda hata kidogo.

"Nani alitoa ruhusa mzee wetu akatwekatwe?" alinung'unika. "Haya, mrudishe awe mzima, tumbandike kwa gundi kwenye ubao, asivunjwe tena. Kesho tutampeleka kwenye nyumba ya mikutano, ukoo wote umwone. Ila usimweke kwenye meza ya kulia. Chakula na kichwa cha mkubwa havikai pamoja. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Kusikia alisikia, lakini nje mvua ilikuwa ikinyesha na sebuleni kulikuwa na giza. Bibi alipotoka kwenda kumjulia hali jirani, Tiaho aliubeba ubao hadi jikoni penye dirisha kubwa na kuuweka papo hapo kwenye meza ya kulia. Akaunganisha macho, pua, kidevu. Njaa ilipombana, akachukua mkate wa kukaanga, akaupaka jamu nyingi. Alijiambia kwamba tonge moja halina neno.

Jamu ikadondoka katikati ya paji la uso la mzee.

Bila kufikiri Tiaho alinyakua kitambaa cha kukaushia vyombo, akasugua. Alipogundua kwamba anampangusa kuhani kichwa kwa kitambaa cha jikoni, aliacha, lakini karatasi ilikuwa imeshachubuka na kuwa nyeupe. Akakitoa kipande kile, akakitia mfukoni na kuurudisha ubao sebuleni.

Bibi aliporudi aliona pengo mara moja. "Paji la uso liko wapi?"

Mereana, binamu wa Tiaho mwenye umri wa miaka mitano, alikuwa amekaa kwenye zulia akimsuka mwanasesere wake.

"Mereana alikuwa anachezea vipande," Tiaho akasema.

"Mimi? Sijagusa," Mereana akasema.

Mjomba Tame, baba yake Mereana, alikuwa ndiyo kwanza anaingia, viatu vya matope mkononi. "Wewe mtoto, mara ngapi nimekukataza kugusa vitu vya watu? Kesho huendi mkutanoni mpaka useme umekitupa wapi."

Mereana alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Kuimba mkutanoni mbele ya ukoo ndiyo habari pekee aliyoizungumza wiki nzima.

Bibi Hera naye, na magoti yake mabovu, akapiga magoti akaanza kupapasa chini ya makochi. "Hatuwezi kuacha kichwa cha mzee kikaliwe na kukanyagwa," alisema, kisha akateremsha sauti. "Uko wapi, mzee wetu? Tusamehe." Tiaho alitambaa kando yake akijifanya anatafuta. Masikio yalimwaka moto. Kipande kilikuwa mfukoni mwake, na hakuthubutu kumtazama bibi yake machoni.

Baadaye Mereana alitoka chumbani ameshika kijikaratasi alichokikata kwa mkasi na kukipaka rangi ya kahawia.

"Bibi, ni mimi nilikitupa," akasema huku akifuta kamasi. "Nimetengeneza kingine. Sasa nitakwenda?"

Hapo Tiaho akashindwa. Alitoa kipande mfukoni, akakiweka kwenye kiganja cha bibi yake na kusimulia yote: meza, mkate, jamu, kitambaa, uongo. Machozi yalimtiririka, na aliona aibu hata kuyafuta.

Mjomba Tame alimwinua binti yake akamkumbatia. Bibi Hera alinyunyiza maji juu ya picha kuitakasa, akaomba dua taratibu, na kukirudisha kipande mahali pake, hivyohivyo kilivyochubuka.

"Bibi, mzee amenikasirikia?" Tiaho aliuliza.

"Umemkosea, na nimekuombea msamaha. Hilo limekwisha." Bibi alimvuta Mereana karibu, akaweka kiganja juu ya nywele zake. "Lakini hiki je? Kichwa hiki nacho ni kitakatifu, tena kiko hai. Umekitwika uongo wako mpaka mtoto akakubali kosa ambalo si lake, ili tu tuache kumkasirikia. Kumwogopa babu wa kwenye picha na kumwonea mdogo wako aliye mbele yako, hiyo si heshima, Tiaho."

Tiaho alipiga magoti mbele ya binamu yake. "Nisamehe, Mereana. Nilikusingizia."

"Kesho nitakwenda?"

"Utakwenda. Nitakushika mkono. Na watu wakiuliza kwa nini mzee amechubuka, nitasema mwenyewe ni mimi."

"Wote watakusikia," Mereana akamwonya.

"Najua," alisema Tiaho, na uso ukamwaka tena.